Cheni Iliyokuwa Ikinipigia Hodi

Pikipiki ya mume wangu ilikuwa ikigongagonga kama sufuria yenye kokoto. Nikiisikia tu inaingia mtaani kwetu Donholm, nasonga ugali. Akifika mlangoni, sahani iko mezani. Akajisifu kwa watu kwamba ana mke hodari.

Lakini kila mlima uliishinda, naye akailaumu petroli. Mwishowe fundi akafungua injini: cheni ya ndani ilikuwa imechakaa na kulegea, ndiyo iliyokuwa ikigonga, valvu zikawa zinachelewa kufunguka, nguvu ikapotea. Akafunga mpya, akaikaza sawasawa.

Jioni hiyo pikipiki ilirudi mbio, tena kimya. Bwana akanikuta nimekalia kiti chake, natafuna firigisi ya kuku, ambayo kwetu huliwa na baba wa familia tu.

"Ugali uko wapi?"

"Muulize fundi wako."