Mawe ya Baba Yake

Jirani yangu wa ghorofa ya chini pale Tensta, Uswidi, alikuwa Mkongo wa Katanga, na fahari yake ilikuwa moja tu: baba yake alichimba dawa.

Tulifanya kazi hospitali moja, mimi muuguzi, yeye msukuma vitanda. Ndiye aliyewapeleka wagonjwa wa saratani kwenye chumba cha mionzi. Zamani Wazungu wa mgodini walimwambia baba yake kwamba mawe meusi anayochimba yanakwenda Ulaya kutibu saratani. Basi kila akirudi kutoka chumba kile ananipigia kelele: "Yaya, dawa ya papa inafanya kazi!" Kwao papa ni baba, na yaya ni dada mkubwa. Kwetu ni mlezi wa watoto wa watu, nami sikuchoka kumwuliza nani kaniajiri.

Redio kaseti ilikuwa yangu, kwa hiyo kaseti ambazo baba yake alimtumia badala ya barua tulizisikiliza jikoni kwangu. Mzee alikuwa hai bado, ila kifua kilikuwa kimekwisha. Anasalimia, anakohoa, mtu anampa maji, halafu anauliza swali lake lile lile, kama wagonjwa wanapona: "Bagonjwa banaponaka?" Na mwanawe humrekodia jibu: "Banapona, papa. Bengi."

Mwezi wa nane mmoja, mwanzoni mwa miaka ya sabini, maktaba ya mtaani ikatangaza mazungumzo ya picha juu ya ndege iliyoipiga Hiroshima. Nikamburuta twende. Kiswidi chake kilikuwa cha kusukumia vitanda tu, nikakaa naye nikimtafsiria sikioni.

Mwalimu mstaafu alituonyesha ndege ukutani, rangi ya fedha, injini nne. Iliruka gizani kutoka kisiwa kidogo cha Pasifiki, ikafika asubuhi watu wakienda kazini. Ubavuni rubani alikuwa ameagiza liandikwe jina la mama yake mzazi.

"Astaghafirullahi! Mama yake?" Nilisema kwa sauti, watu wakageuka. Mwanamke kakubeba tumboni, nawe unamwandika kwenye kitu cha kuunguzia watoto wa wenzake! Nilikasirika hasa. Jirani yangu alinicheka kidogo. Kisha ikaja picha ya mji baada ya bomu, akaacha kucheka.

Mwalimu akaeleza bomu lilitengenezwa kwa madini gani. Urani, akasema, na nyingi yake ilitoka Kongo, mgodi wa Shinkolobwe. Nikaacha kutafsiri. Lakini jina la mgodi wa baba yake halikuhitaji mkalimani.

"Anasema nini juu ya Shinkolobwe?"

Nikamwambia yote.

"Hapana. Ile ni dawa. Umwambie, Yaya. Ile ni dawa."

Nilinyoosha mkono nikamwambia. Mwalimu akajibu kwa upole kwamba ni kweli, mwanzoni mawe yale yalikwenda kwenye dawa. Mgodi ukafungwa, ukafunguliwa tena wakati wa vita kwa ajili ya bomu. Akauliza baba yake alichimba lini.

Nikamtafsiria.

"Wakati wa vita," akasema.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Kazini akaendelea kusukuma vitanda, ila zile kelele za dawa ya papa sikuzisikia tena.

Kaseti nyingine ilifika kabla ya baridi. Mzee alikohoa hata maneno yakawa ya kuokoteza. Swali akalimaliza: "Bagonjwa banaponaka?"

Jirani yangu akabonyeza kitufe cha kurekodi, akakaa. Kaseti ikazunguka bure. Nikaizima.

"Mwambie," nikasema. "Msema kweli mpenzi wa Mungu. Kifua chake kimeoza kwa mawe yale, asijue yalikwenda wapi?"

Akaanza kulia, mtu mzima, mbele ya sufuria zangu. "Yaya, miye nashindwa. Sema wewe."

Nikabonyeza kitufe, nikainama karibu na mashine. Hasira yangu yote ilikuwa kooni, tayari kutoka.

"Baba, shikamoo," nikasema. "Mimi ni dada yake huku. Wagonjwa wanapona. Leo mmoja ametoka wodini kwetu kwa miguu yake mwenyewe."

Aliyetoka wodini siku ile, jirani yangu ndiye aliyemsukuma, na mimi ndimi niliyemfunika shuka usoni.