Mtaro wa Bi Lempi

Bi Lempi Koskela, aliyeendesha basi la shule miaka thelathini na moja, alikuwa na ulimi mkali kuliko baridi ya Januari. Pale kijijini, kando ya Ziwa Superior, waendesha baiskeli za matairi manene walimwogopa kwa jambo moja. Urho, mtunza njia, akishashindilia theluji kwa pikipiki yake ya thelujini, njia iachwe ilale mpaka ishikamane. Atakayeiwahi ingali laini atachimba mtaro, mtaro ugande, wenzake waanguke wiki nzima. "Huna adabu!" alikuwa akimfokea mtu hata mbele ya wanawe.

Mwaka huo goti likamgomea. Daktari alilibadilisha mwezi Machi, akamwonya kwamba ule mlima wenye kibanda cha mapumziko kileleni huenda asiupande tena. Miezi tisa alijikongoja jikoni. Theluji ilipotua, subira ikamwisha. Urho alimaliza kushindilia saa nne asubuhi. Saa tano Bi Lempi yumo njiani, hata upepo wa matairi hakukumbuka kupunguza ili yasizame. Alipanda, akashuka akasukuma baiskeli penye mwinuko, akapanda tena. Kibandani alilia kwa furaha. Kisha akageuka, akaona alichofanya.

Mtaro, kina cha kiganja, toka chini hadi juu.

Kesho yake aliwakuta wenzake chini ya mlima, reki mikononi, jasho likiwatoka. Kapu lake lilijaa pasti, vile vimkate vya kuoka vyenye nyama na viazi ndani. Angeweza kunyamaza.

"Ni mimi," alisema. "Nimewaharibia. Mkitaka nisije tena, semeni tu."

"Tunajua," Urho akajibu. "Nani mwingine anasukuma huku anaburuta mguu wa kulia?"

"Basi nitukaneni."

"Mkuki kwa nguruwe, eh?" alidakia Kaisa, aliyewahi kufokewa mara mbili. "Huna adabu, bibi wee!"

Wakaangua kicheko. Urho akamkabidhi reki.

"Tumeufukia mtaro wote, ila zimebaki hatua kumi za juu. Kafukie mwenyewe."

"Kwa nini za juu?"

"Jana niliufuata nimekasirika, namsaka huyo mhuni. Nilipoona alama za ule mguu nikajiambia mtaro utaishia kwenye mwinuko. Haukuishia, Lempi. Ulifika mlangoni pa kibanda. Nikakaa pale nikamshukuru Mungu. Sikuwa na moyo wa kuufukia."

Bi Lempi alifunga reki kwenye baiskeli yake. Alipunguza upepo wa matairi, wote wakimtazama, akapanda polepole, akishukuru kwa sauti: goti, daktari, Urho, hata Kaisa na mdomo wake.

Juu alifukia hatua tisa, akaiacha ile ya mlangoni.