Kibaraza Kisichotuama Maji

Kibaraza cha nyumba yetu, Ngamiani, kilikuwa kimelika katikati kwa kukaliwa na wazee wa mtaa, waliokuja kunywa kahawa kila alasiri tangu enzi za marehemu baba. Mvua ikinyesha, maji yalituama pale, na mimi madimbwi yananikera.

Jumamosi moja nikashika mwiko. Binti yangu akachanganya saruji na mchanga, mdogo wake akaleta maji kwa kopo. Tukakisakafia chote, nami nikakiinamisha kuelekea barabarani ili maji yateremke.

Saruji ilipokauka, binti akakikalia.

“Baba, mbona nateleza?”

“Utazoea,” nikamjibu kwa ukali, maana nilitaka kusifiwa.

Wazee walikuja siku mbili tatu, wakajikaza kwa visigino wasiteleze. Kisha wakahamia kwa jirani. Siku hizi napita kuwaamkia. Wananiitikia marahaba na kunipa kikombe, nami nakunywa nimesimama, kwa kuwa kibaraza kile kimejaa.

Mvua ikinyesha, watoto huniita dirishani, wanajivunia kazi yetu.

“Baba, tazama. Hakuna hata tone linalokaa.”