Siku Kompyuta Ilipokuwa Bubu

Watu walimwita Masikio, na hakukasirika, kwani ndiyo yaliyomlisha. Alisikiliza rekodi za mikutano na mahojiano, akaziandika neno kwa neno. Hakuona tangu utotoni. Kompyuta yake ilimsomea kwa sauti kila herufi aliyobonyeza, tena mbiombio, hata wageni wakadhani ana redio mbovu mle chumbani. Skrini hakuwa nayo. Angeitazamia nini?

Mkewe alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele, na kati yake na meza ya mumewe palining'inia pazia tu. Alikuwa na televisheni ndogo ya kuwaonesha wateja picha za mitindo, sauti imezimwa siku zote ili mume afanye kazi kwa utulivu.

Sasa ile kompyuta ilikuwa imechoka. Mfumo wake ulikuwa wa zamani, waliouunda walishaacha kuuhudumia, na ule mpya ulikataa katakata kukaa kwenye mashine ya umri ule. Kila siku iliganda katikati ya sentensi, ikamwacha Masikio ametega masikio. Rafiki yake waliyesoma naye shule ya wasioona, mpiga kinanda, alikuwa amemwimbia wimbo mmoja mwaka mzima: hamia mfumo wa Linux, ni bure, inasema vizuri, na mashine kuukuu haiikatai.

"Na ikigoma?" Masikio aliuliza kwenye simu.

"Mimi haijanigomea. Mimi na wewe tuna tofauti gani?"

Tofauti ilikuwa moja, nayo ni woga. Masikio alijua maisha ya bila kompyuta. Enzi hizo aliyemsomea kila kitu alikuwa kaka yake mkubwa: karatasi za hospitali, maandishi kwenye chupa za dawa, kila kitu. Hata ujumbe wa kwanza wa huyu msusi, enzi za uchumba, kaka aliusoma sebuleni mbele ya watu, tena akautia chumvi, watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Kaka hakuwa mbaya, msimwelewe vibaya. Lakini mtu akikusomea maisha yako, maisha yanakuwa yake. Siku Masikio alipojifunza kompyuta aliapa kwamba hatasomewa tena na mtu. Mkewe alipojitolea kukaa naye wakati wa kuweka Linux, alimjibu kwa mkato: "Hili nitalifanya mwenyewe."

Basi mchana ule alichomeka flash aliyotumiwa na rafiki yake. Sauti ikatoka kwenye spika mbili za mezani, ikamwongoza swali baada ya swali. Ilipofika kwenye kufuta diski nzima, alisita. Ukikubali hapo, mfumo wa zamani haurudi. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, akabonyeza Enter.

Kazi ilipokwisha, sauti ilimwambia azime na awashe upya. Alichomoa flash, akaamrisha, kisha akatoka uani kunawa uso. Aliporudi alikaa, akabonyeza vitufe vitatu vya kuita sauti.

Kimya.

Alibonyeza tena, taratibu, kimoja kimoja, kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa. Feni ya kompyuta ilikuwa inavuma. Ilikuwa hai, ila haisemi. Alishika spika, zilikuwa na joto, maana yake umeme ulikuwa unafika. Aligusa nyaya zote zilizokuwa mbele yake, kila moja ilikaa mahali pake. Akampigia mpiga kinanda.

"Umebonyeza vizuri?"

"Nimebonyeza mpaka vidole vinauma."

"Ajabu. Yangu ilisema hapo hapo." Nyuma yake ngoma zilianza kulia. "Niko mazoezini, ndugu yangu. Nikitoka nitakupigia. Usiguse kitu."

Usiguse kitu! Rahisi kusema ukiwa na kinanda chako. Masikio alibaki na ile feni. Pengine kompyuta ilikuwa inamuuliza swali, hakujua. Pengine ilikuwa inasema imeharibika, hakujua. Ofisi iliyompa rekodi, alizokuwa amezihifadhi kwenye simu, ilizitaka zimeandikwa kesho yake asubuhi, na ikizikosa itampa mtu mwingine, mwenye macho. Alijiona amekaa kwenye kiti cha zamani kule kwa kaka, mikono mapajani, akingoja kaka arudi kutoka kazini amalize kula ndipo amsomee. Mkono ukaichukua simu wenyewe. Ililia kwa kaka, ikalia, ikalia. Akaikata kwa aibu, akaigeuza kifudifudi mezani.

Pazia likasogea.

"Imekwisha?" mkewe aliuliza.

"Bado."

"Mbona inasema 'Karibu'? Imeandika jina lako, na chini inataka neno la siri."

Masikio aligeuza uso. "Imeandika wapi?"

Mume akapeleka mkono nyuma ya kompyuta, akakuta waya asioujua. Aliufuata kwa vidole, ukapita ukutani, ukapanda kabatini, ukaishia kwenye televisheni ya saluni.

"Nimeihamishia humu nikaichomeka ulipokwenda kunawa," mke alisema kwa sauti ndogo. "Nilijua utakataa."

Masikio hakumkaripia. Akili ilikuwa imeshakimbia mbele. Yeye na mpiga kinanda, wote wawili maisha yao yote, hawakuwahi kukaa na kompyuta yenye skrini, kwa hiyo wazo kwamba skrini huweza kuchukua sauti lisingewapitia kichwani. "Hiyo televisheni," alisema polepole, "ina spika?"

"Inazo. Nilizima sauti kwa ajili yako."

"Iongeze."

Akaongeza. Masikio akabonyeza kitufe, na sauti ikabweka kutoka juu ya kabati, herufi moja, nzima kabisa. Ilipoona televisheni imechomekwa, kompyuta ilihamishia maneno yake huko. Muda wote ule ilikuwa inamjibu. Masikio aliegemea meza, akacheka, machozi yakimtoka.

Mkewe alimshika bega. "Nisamehe, mume wangu. Nilitaka kusaidia nikaharibu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa. Nilijua ukikwama utamwita kaka yako. Nikasema moyoni, angalau mara hii unikute mimi niko tayari kukusomea."

Hapo simu ikasema mezani, kwa sauti yake ya kutangaza majina ya wanaopiga: "Kaka Mkubwa anapiga."

Mkono wa mke ulibaki begani, lakini ulikuwa mzito. Simu ikarudia.

"Anakupigia," mke aliuliza, "au anakujibu?"

Masikio angeweza kudanganya. "Ananijibu."

"Pokea basi."

Akapokea. "Nimeona ulipiga, mdogo wangu," kaka alisema. "Kuna la kusoma? Nije?"

"Usije, kaka. Nilitishika, nikakupigia wewe. Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia."

Kaka alikohoa, akasema haya, salamu nyumbani, akakata. Mke alikuwa ameshaondoa mkono. Alichomoa waya, na sauti ya kompyuta ikarudi kwenye spika za mezani, ikimngoja Masikio aandike neno la siri. Kila kitu kilikuwa sawa. Angeweza kuanza kazi saa ile ile, peke yake, kama alivyoapa. Alisikia televisheni ikiinuliwa kabatini, na woga ukamrudia, mkubwa kuliko ule wa mwanzo.

"Iache," alisema.

"Ya nini? Wewe huihitaji."

"Utanisomeaje bila hiyo?"

Kule saluni mteja aliita, akiuliza picha za mitindo zimekwenda wapi. "Nakuja," mke alijibu. Masikio alitega sikio kwa makini, lakini hakusikia miguu yake ikisogea.