Kikoi Changu, Drili, na Wakwe wa Likoni

Aibu hii nimekaa nayo kifuani mpaka nimechoka, na kwa kuwa Kisauni nzima yaisimulia kila mtu kwa namna yake (wako wanaoapa kwamba nilikimbia uchi hadi barabara ya Malindi, uongo mtupu, sikuvuka hata kizingiti), bora niieleze mwenyewe, mimi niliyeacha shule kabla herufi hazijanizoea.

Kazi yangu ni kuchonga mbuzi, hizi za kukunia nazi, si wale wala majani. Banda langu li ubavuni mwa nyumba, na mlango wake watazama uani, huko huko wanakopitia wageni. Maisha yote nilitoboa kwa mkono hadi bega likagoma, ndipo nikaenda Mikindani kwa kijana mmoja wa bara auzaye mashine kuukuu, nikamwambia nataka drili ya kusimama, ile yenye nguzo na meza yake, unavuta mkono wa pembeni na keekee inashuka wima kwenye mti bila kuyumba. Alikuwa nazo mbili. Moja ndogo, rangi ya kijani, swichi yake mbele. Ya pili jitu zima la chuma, zito kama mzinga wa ngomeni, ila swichi yake ilikuwa imekufa, mtu aiwasha na kuizima kwa soketi ya ukutani.

"Mzee, beba hii ndogo," akaniambia. "Stima zikipotea swichi inaruka yenyewe. Zikirudi, mashine inakungoja."

"Iningoje mimi ya nini?" nikamjibu. "Mimi nataka mashine ifanye kazi."

Akacheka, nikacheka, nikabeba jitu. (Kusema kweli nililipenda kwa ukubwa wake. Nilitaka mtu akichungulia bandani aseme huyu mzee ana mashine.)

Sasa ikaja siku ya posa. Binti yangu Saumu alikuwa ameposwa mara mbili nyuma, na mara zote mbili mambo yalivunjika kwa mdomo wangu, mara nimwambie mtu ukoo wake ni wavivu, mara nicheke mahali pasipo kicheko. Safari hii ni watu wa Likoni, ukoo wa zamani, wa adabu zao, na mkubwa wao Mzee Bakari, baba yake kijana anayeposa, ni mtu ambaye salamu yake tu huchukua robo ya alasiri. Asubuhi Saumu alinijia akasimama mbele yangu.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Leo nakuomba jambo moja. Vaa kanzu, kaa barazani. Usifanye chochote."

Usifanye chochote! Ni maneno mepesi hayo, hata mtoto angeyaweza. Nikaoga, nikavaa kikoi kipya chenye matamvua marefu, kanzu nikaitundika msumarini ije baadaye isilowe jasho, na chini ya kikoi, wenzangu, nisiwafiche, hapakuwa na kitu, joto letu mnalijua. Nikakumbuka kwamba kuna mbuzi niliyomchongea Saumu ya kwendea kwake, imebaki tundu moja tu la kushikia chuma. Nikasema nilitoboe upesi, wakwe wakija niwaonyeshe, waone binti haondoki mikono mitupu. Tundu moja. Nikawasha ukutani, nikainama nione vizuri, macho yenyewe haya ya uzee, na keekee ikayadaka matamvua.

Sikuelewa kitu. Nilisikia tu kiuno kinavutwa, kikoi kinajiviringa, tumbo likabamizwa kwenye meza ya chuma, nikapiga shahada, na hapo hapo, krrr, kimya. Stima zimepotea! Watu wote walalamikao stima zikipotea wanisamehe, mimi siku ile nilishukuru hadi machozi.

Shukrani haikudumu. Nikajaribu kujivua, fundo limekaza kama nati. Kisu ki ng'ambo ya banda. Mama Saumu kaenda kwa jirani kuazima vikombe, na Saumu yuko chumbani anapakwa hina na shoga zake, nami nitamwitaje binti yangu anione hivi? Na plagi bado imo soketini, pale kando ya mlango, mbali na mkono wangu, na kijana wa Mikindani akaanza kusema kichwani mwangu: zikirudi, zikirudi, zikirudi. Jirani yangu ana redio isiyozimwa, hiyo ndiyo hulia ya kwanza stima zikirudi, basi nikawa naisikiliza kama mtu asubiriye hukumu. Jasho likanitiririka. Kila kuku akilia nadhani ni redio.

Ndipo nikasikia, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Mzee Bakari.

Na mimi, badala ya karibu, neno ambalo mtu wa pwani hulitoa hata usingizini, nikapiga kelele, "Msiingie!"

Nyayo zikakoma uani. Kisha sauti yake, taratibu, "Mkwe, watufukuza?"

"Sifukuzi! Msiingie tu!"

"Basi tumesikia," akasema. Kisha akawaambia wenziwe, "Twendeni. Mtu haposi mahali ambapo hodi yake imekataliwa."

Nikasikia makubadhi yanageuka kwenye mchanga. Nikamwona akilini Saumu na hina yake mkononi. Wallahi sijawahi kupima jambo upesi vile: sitara yangu huku, mwanangu kule.

"Mkwe!" nikalia. "Karibu! Karibuni nyote! Ila kwanza chomoa plagi hapo mlangoni, mashine imenikamata!"

Akaingia mbio, na mwili wake ule mnene. Kutoka juani hadi gizani haoni, anapapasa ukuta. "I wapi?"

"Chini kidogo! Kushoto! Kushoto kwako, mkwe, si kwangu!"

Na redio ya jirani ikalia.

Jitu likaunguruma, likanivuta, kikoi kikachanika chwaaa kutoka kiunoni, na hapo ndipo Mzee Bakari akaipata plagi. Mashine ikasimama imevaa kikoi changu. Mimi nilisimama sijavaa kitu.

Hakucheka. Alivua shali lake la begani akanifunga nalo kiunoni yeye mwenyewe, akageuka akawazuia wenziwe mlangoni, akasema, "Mkwe ajivalisha, anakuja. Tumngoje barazani."

Kwa kikao kizima nilikaa kama nilivyoambiwa, sikutia neno, na posa ikakubaliwa.

Siku ya mahari wakaja na sinia zao. Mkaja wa mama ulikuwapo. Kilemba cha baba kilikuwapo, kimekunjwa vizuri, na Mzee Bakari akanisogezea sinia mwenyewe, mbele ya wazee wote. Nikakiinua kilemba. Chini yake kulikuwa na suruali ya kaki, na mshipi wake tayari umepitishwa.

"Hiyo ya bandani," akaninong'oneza, na hapo ndipo alipocheka.

Ndiyo niliyovaa ninapoandika haya. Jitu nimelirudisha Mikindani, nimechukua ile ndogo ya kijani, na stima zikipotea naikuta imesimama, yaningoja.