Gitaa Lililonusa Dhahabu Harusini Kosele

Enzi zetu kule Osiri, Migori, kabla simu hazijaanza kujibu kila swali, kulikuwa na jambo moja nililoliamini kuliko jedwali la kuzidisha: gitaa la umeme likinguruma bila kuguswa, chini yake pana dhahabu. Nani alianzisha habari hiyo, sijui. Osiri watu huchimba dhahabu kwa mikono, na huko hata kuku akichakura mara mbili mahali pamoja, majirani husogea na majembe. Sasa fikiria kitu chenye nyaya, kinachosema "mmmmmm" chenyewe! Mlitaka ushahidi gani tena?

Gitaa lenyewe lilikuwa la Mjomba Ochieng, mdogo wake Mama. Lilikuwa jekundu, rangi imebanduka kama magoti yetu, na amplifaya yake ilikuwa kubwa kama kabati, ikipata moto wa kuchoma mahindi. Nyuma yake ulining'inia waya mrefu wa kijani ambao Mjomba aliutoa kwenye plagi. "Huu ni urembo tu, omera, ndugu yangu," aliniambia. "Wenye kutengeneza wanapenda rangi." Mimi na Mjomba tulifanya mazoezi baada ya shule, tumbo likiwa na viazi vitamu, miguu mitupu. Ukigusa nyuzi, mngurumo unapungua; ukiachia, unarudi. Mjomba alinieleza kwa sauti ya daktari kwamba dhahabu ina haya, ikihisi mkono wa mtu inajificha. Na ukigusa maikrofoni ikakuchapa mdomo, hiyo ni baraka. Mimi nilibarikiwa hadi meno yakauma.

Nikiwa darasa la saba, dada yangu Akinyi akaolewa Kosele, na bendi ya harusi ikawa sisi. Mama alitukalisha chini. "Wale wakwe ni watu wenye jina. Muziki ukiharibika, nitarudi Osiri nimejifunika kitenge usoni kama mwizi." Akinyi mwenyewe hakuwa na hotuba. Alinishika sikio, akasema, "Otis, ukiniharibia hii siku, usiniite dada tena."

Tulifika Kosele asubuhi, amplifaya imefungwa kwenye pikapu kama fahali. Turubai limesimama, harufu ya samaki wa kukaanga imejaa hadi mtu unashiba kwa pua. Tukachomeka kwenye jenereta ya wenyeji. Mmmmmmmm! Nawaambia, mara kumi ya ile ya Osiri. Ng'ombe waliacha kula. Mchungaji akafunga macho kuomba, lakini tuliona midomo tu ikicheza.

Baba wa bwana harusi, Mzee Oloo, mtu mrefu ambaye kofia yake ilikuwa inagusa turubai, akaja polepole. "Wageni wetu," akasema, "kama huo ndio wimbo, zimeni. Tutaimba kwa midomo." Nikamwona Mama ameanza kuvuta kitenge kuelekea usoni. Akinyi alinitazama tu, na sikio langu likaanza kuuma lenyewe.

Ndipo sayansi yangu ikanijia. Nikavaa gitaa, nikatembea nalo huku nikiburuta waya. Nikielekea jikoni, mngurumo unashuka. Nikielekea viti vya maharusi, ambako tuliweka amplifaya, unapanda. Nikasogea, ukapanda. Nikafika kando ya amplifaya, soda zikacheza benga mezani.

"Mjomba," nikanong'ona, "ni hapa."

"Hapa Kosele? Yawa! Akinyi ameolewa juu ya dhahabu!"

Mjomba hakujaliwa kunong'ona. Nusu ya wageni wa upande wetu walikuwa wachimbaji, na mchimbaji wa Osiri hasafiri bila mtaimbo hata akienda harusini. Kabla hujakohoa, suti zimevuliwa, gitaa liko kwa Mjomba, na mimi niko ndani ya shimo nikichimba mbele ya maharusi. Shimo likanifika kiunoni. Chini tukapata tope jeusi na maji.

"Watu wa Migori!" Mzee Oloo akanguruma kushinda gitaa. "Mmeleta bibi harusi au mmeleta kaburi?"

Akinyi akasimama ukingoni na gauni lake jeupe. "Otis." Jina tu. Afadhali angenipiga.

Nikauchomeka mtaimbo kwenye tope kwa hasira, ukazama nusu. Ule waya wa kijani ulikuwa unanizonga miguu tangu nianze, basi nikauviringisha kwenye mtaimbo, raundi tatu, unitoke.

Kimya.

Kimya cha kusikia mafuta ya samaki yakichemka. Mjomba akagusa uzi mmoja, ukalia safi kama kengele ya shule mpya. "Imekimbia!" akalia kama mfiwa. "Dhahabu imekimbia!"

"Kama imekimbia," Mzee Oloo akasema, "pigeni muziki kabla haijarudi."

Tulipiga hadi jua likachoka. Watu walicheza kulizunguka lile shimo, nyanya mmoja akateleza ndani na akaendelea kuchezea humo humo. Mama alifunga kitenge kiunoni. Akinyi akaja kunivuta mkono, viatu vimejaa tope: "Njoo ucheze na dada yako, mjinga wewe."

Vijana wa leo, gitaa likikohoa wanauliza simu, simu inawajibu, mambo yanaisha. Harusi zao zina mtu mmoja na kompyuta, hakuna anayetoka jasho, na wageni wanaondoka viatu vikiwa safi. Nawahurumia. Hakuna aliyewahi kuchimbia wimbo shimo.

Mimi niliendelea kuamini hadi nikawa mtu mzima mwenye ndevu, nikajiunga na shule ya jioni Migori mjini. Siku ya somo la umeme nikalisimulia darasa zima jinsi nilivyofukuza dhahabu Kosele. Mwalimu Achieng alinisikiliza hadi mwisho, akapangusa chaki mikononi.

"Otis, mngurumo ulipanda kwa sababu ulikuwa unaikaribia amplifaya. Huo waya wa kijani ni wa ardhi, na mjomba wako aliutoa kwenye plagi. Ulipoufunga kwenye chuma kilichozama kwenye tope, umeme wa ziada ukapata njia ya kwenda ardhini, mngurumo ukaisha. Dhahabu haikuwapo. Keti."