Fundi Aliyetakiwa Salala

Randu Mwaringa ni fundi wa kuezeka makuti, tena fundi mzuri, na hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa bure kabisa ningemdharau kwa raha zangu. Lakini paa la baraza ya duka langu hapa Shella, Malindi, aliliezeka yeye, na masika yote yaliyopita tangu hapo hayajanidondoshea hata tone. Makuti yenyewe niliyanunua nyumbani kwake Magarini, kwa mkewe Kadii, aliyeyashona.

Mimi huandikia watu barua na kuwajazia fomu kwa kompyuta. Wanaotaka kwenda ng'ambo wengi hupitia kwangu, na wamenichosha. Mpishi asiyeweza kukaanga yai hutaka niandike kwamba amewapikia mabalozi. Dereva aliyeingiza pikipiki mtaroni juzi hutaka niseme ni bingwa wa malori. Naandika. Nikikataa, watavuka barabara waandikiwe na mwingine.

Randu aliwashinda wote. Miaka mitatu alihangaika kutafuta mwajiri wa kumdhamini aende kufanya kazi nje. Kila Mwitaliano aliyemwezekea nyumba alimwandama mpaka langoni na bahasha yake ya kaki yenye maombi ya kazi. Alicheka mizaha asiyoielewa, akawabebea mbwa wao mpaka garini. Mmoja alimwahidi kwamba atamwita, akaenda kwao, akabadilisha nambari ya simu. Randu alitembea na ahadi hiyo mwaka mzima, kifua mbele, kana kwamba kesho yake anapanda ndege. Alinunua hata kofia ngumu ya manjano, ile ya wajenzi wa maghorofa, akapigwa picha nayo juu ya paa la makuti, mahali ambapo hakuna cha kumwangukia kichwani ila kinyesi cha kunguru.

Halafu ikaja nafasi ya kweli. Farid, jirani yangu auzaye vitambaa, ana mjomba wake huko Salala, Omani, aitwaye Sheikh Abubakr. Mama yake sheikh alizaliwa Unguja, kwa hiyo Kiswahili anakisema vizuri kutushinda wengi. Ana shamba la minazi na alitaka kujenga vibanda vya kupumzikia wageni. Alitaka fundi mmoja wa makuti kutoka pwani yetu. Viza, tikiti na malazi vyote juu yake.

Randu alifika dukani kabla sijafungua. Alinisomea maneno ya kuandika huku akitembea huku na huku: yeye ni mtaalamu wa makuti tangu mnazini hadi kileleni mwa paa, kila hatua kwa mikono yake mwenyewe. Nikamuuliza kama nimtaje mkewe kwenye kushona.

"Dada Gladys, hiyo ni kazi ya wanawake," alisema. "Ukiiandika utanishusha."

Niliandika alivyotaka, nikachapa, akaenda zake.

Sheikh alijibu baada ya siku nne. Barua imempendeza, sasa anataka kumwona fundi akiwa kazini, kwa simu ya video. Tukaenda Magarini asubuhi, mimi na Farid; Randu alinitaka niwepo nishuhudie ushindi wake. Tulimkuta amevaa kofia ya manjano na shati la mikono mirefu lililopigwa pasi. Kadii alikuwa ameketi chini kivulini, akishona, na rundo la majani ya mnazi pembeni mwake.

"Ondoka hapo," Randu alimwambia. "Utaharibu picha."

Kadii akasogea hatua mbili, akaendelea kushona.

Farid akapiga simu. Sheikh Abubakr alitokea, mzee mwenye ndevu nyeupe, mpole wa maneno. Randu alimwonyesha paa la jikoni, akamweleza mwinamo na upangaji, na hapo, nakiri, alisema ya maana. Sheikh alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba huko kwake minazi ipo tele, ila makuti yaliyokwisha kushonwa hayapatikani, na ndiyo sababu anataka mtu wa kuanzia kwenye jani. Basi fundi amshonee kuti moja, atazame.

Randu akacheka kidogo. Sheikh hakucheka.

Ikabidi aokote kijiti na majani. Jambo lenyewe ukilitazama ni jepesi: jani linakunjwa juu ya kijiti, la pili linalishika la kwanza, na uzi uliochanwa kwenye majani ya mkoma unapita katikati kuyabana. Mtoto wa kike wa kwetu hulijua kabla hajajua kusoma. Mwanamume hafundishwi, na akionekana amelishika huchekwa. Randu amepanda juu ya mapaa miaka ishirini, na kuti hajawahi kulishona hata moja. Alikunja, likafunguka. Akakunja tena, akavuta uzi ukakatika. Jasho lilimtoka chini ya kofia. Mimi nilifurahi, sitasema uongo, nilifurahi mpaka nikajiuma mdomo.

"Huku mkoma hakuna," sheikh alisema. "Utashonea nini?"

"Tutaagiza, sheikh."

Hapo mkono wa Kadii ukaingia kwenye picha. Alilichukua lile kuti, akalifumua, akalishona upya, akafika mwisho wa kijiti kabla mumewe hajafuta jasho.

"Mikono hiyo ni ya nani?"

"Ya msaidizi wangu," alisema Randu.

Kadii akainamisha uso mbele ya simu. "Shikamoo, sheikh. Mimi ni Kadii, mkewe. Mitende mnayo huko?"

"Marahaba, binti yangu. Ipo mingi."

"Basi ukindu wa mtende uchanwe nyuzi ungali mbichi. Utabana sawasawa."

Waliongea karibu nusu saa: majani ya kuchagua, siku za kuyalowesha, namna ya kuyapanga yasiingiwe na wadudu. Randu alisimama kando ameshika kofia yake. Mwishowe sheikh akasema wa kupanda juu atawapata hukohuko. Anayemhitaji ni huyu mama, awafundishe watu wake. Viza ni moja.

Kesho yake Randu alikuwa dukani tena. Alitaka nimwandikie sheikh kwamba mkewe amekataa na kwamba yeye yuko tayari kusafiri badala yake. Nilimwambia mke aliyekataa aje aseme mwenyewe. Alinitukana, nikamwonyesha mlango. Siku hiyo nililala nikijisifu kwa uungwana wangu.

Kadii alikuja mwishoni mwa juma, peke yake, na kitambulisho chake kwenye kitambaa. Alisema anakwenda. Dada yake atawatazama watoto, na Randu amehamia kwa mama yake kununa. Nilifungua fomu, nikamuuliza niandike nini penye kazi.

"Andika fundi."

Nikaandika. Alinitazama vidole vikienda, kisha akauliza, bila hasira yoyote, "Ile barua ya kwanza uliiandika wewe?"

"Ndiyo."

"Na ulijua ni nani anayeshona."

Makuti yake yalikuwa juu ya vichwa vyetu. Nilimwambia ndiyo, nilijua.

Akatikisa kichwa taratibu, akanitajia tarehe yake ya kuzaliwa ili niendelee.